Kutangulia si Kufika

Methali hii huwa tunawaambia wenye majivuno. Kijana akipata kazi kabla ya wenzake, au mtu akiezeka bati wakati kijiji kizima bado kiko kwenye makuti, tunamnong'oneza: kutangulia si kufika. Mimi leo nataka kuigeuza kidogo. Nataka kuitumia si kwa kumkaripia aliyetangulia, bali kwa kumwonea huruma. Maana atanguliaye njiani alfajiri ndiye anayelowa umande wa majani. Wanaomfuata hupita pakavu, na mara nyingi hao hao ndio wanaouliza kwa nini njia imepinda.

Aliyenifanya nifikiri hivi hakuwa mtu wa kwetu. Ni Diahann Carroll, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, aliyefariki dunia tarehe 4 Oktoba 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1971 alionekana kila wiki katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni ulioitwa Julia. Katika mchezo huo alikuwa nesi, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Mimi nami nilikuwa nesi kwa miaka 32, na nilibaki mjane na mtoto mmoja wa kiume. Msomaji atanisamehe basi nikisema kwamba sikuutazama mchezo huo kama watazamavyo wengine.

Wakati unaonyeshwa huko kwao, sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walitutangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Vichekesho vyetu tulivipata kwa masikio. Tuliketi kuizunguka redio, tukawasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na sura zao tukajichorea wenyewe vichwani. Julia nimemwona uzeeni, mwanangu aliponiletea kanda za sehemu chache za mchezo huo alipokuja likizo kutoka ng'ambo. Alisema, "Mama, huyu ni wewe." Nikatazama sehemu ya kwanza, nikacheka. Nikatazama ya pili, nikaanza kuudhika. Ilipofika ya nne nilikuwa natafuta kujua mama huyu alikuwa nani hasa, na kwa nini watu wake walimgombania hivyo.

Alizaliwa tarehe 17 Julai 1935 katika eneo la Bronx, mjini New York, akapewa jina la Carol Diann Johnson. Alikulia Harlem. Baba yake alikuwa kondakta wa treni za chini ya ardhi, na mama yake, niliposoma hili nilitabasamu, alikuwa nesi. Aliimba kwaya ya watoto kanisani, akasoma katika sekondari ya muziki na sanaa ya jiji hilo, na akiwa na miaka 15 tayari picha zake zilikuwa zikitokea katika jarida la Ebony akionyesha mavazi. Wazazi walitaka awe msomi, wakampeleka Chuo Kikuu cha New York kusomea elimu ya jamii. Lakini mwaka 1954 alishinda shindano la televisheni la kutafuta vipaji kwa kuimba, akapata kazi katika ukumbi mmoja mashuhuri wa starehe, na chuo kikaishia hapo.

Mwaka huo huo aliingia katika filamu ya Carmen Jones, na kabla mwaka haujaisha akawa jukwaani Broadway katika mchezo wa House of Flowers. Mwaka 1959 alishiriki filamu ya Porgy and Bess, na hapo likatokea jambo la ajabu. Yeye mwimbaji, aliyepata umaarufu kwa koo lake, alifungua mdomo mbele ya kamera, lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya mwimbaji mwingine, Mzungu, Loulie Jean Norman. Wimbo ulihitaji sauti ya juu zaidi kuliko yake, na wenye filamu wakaamua hivyo. Mengi yaliyompata baadaye yanafanana na hilo: sura iwe yake, maneno yawe ya wengine.

Mwaka 1962 mtunzi mkubwa wa muziki wa jukwaani, Richard Rodgers, alimwandikia mchezo mzima, No Strings. Kwa mchezo huo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa muziki. Mwaka huo huo alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akitoa ushahidi juu ya ubaguzi wa rangi katika sanaa. Nimelitafakari sana jambo hili. Mtu ametuzwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inambidi aeleze mbele ya wabunge kwamba watu wa rangi yake hawapewi kazi. Aliyetangulia ndivyo alivyo. Hawezi kusema "nimefika" hata siku ya sherehe yake.

Ili tuelewe kwa nini Julia alizusha kelele, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwanamke mweusi alikuwa amewahi kupewa nafasi ya kwanza katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Mchezo huo uliitwa Beulah, ulianza mwaka 1950 na kwisha 1953, na Beulah alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya Wazungu. Wa kwanza kumwigiza katika televisheni alikuwa Ethel Waters, mwimbaji ambaye tayari alikuwa na jina kubwa katika nyimbo za blues na jazz. Akafuata Hattie McDaniel, kwa muda mfupi kwa sababu ya ugonjwa, kisha Louise Beavers. McDaniel ndiye Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, usiku mmoja wa mwaka 1940 katika hoteli ambamo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Tuzo hiyo pia aliipata kwa kuigiza mtumishi. Wanawake hao watatu walikuwa na vipaji vya kutosha kubeba mchezo wowote. Walipewa jiko la mtu mwingine, wakaambiwa wachekeshe humo.

Mchezo mwingine wa wakati ule, Amos 'n' Andy, ulionyeshwa na kampuni ya CBS kuanzia 1951 hadi 1953. Chama kikubwa cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliupinga kwa kuwa ulimfanya Mweusi aonekane mjinga, mvivu na laghai. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1963 CBS ilitangaza kwamba imeuza mchezo huo kwa Kenya. Televisheni ya Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na nchi ilikuwa mlangoni mwa uhuru. Muda si mrefu ofisa mmoja wa serikali ya huko akatangaza kwamba mchezo huo hautaruhusiwa nchini. Ninaona fahari kidogo kila ninapokumbuka hilo. Watu ambao kiwanda cha filamu hawakuwa nacho walijua angalau kipi wasichotaka kuchekeshwa nacho.

Na maneno yetu nayo yalikuwa yakivuka bahari wakati huo. Mwaka 1966 mchezo wa Star Trek ulianza kuonyeshwa Marekani, na ndani ya chombo chao cha angani alikuwamo ofisa wa mawasiliano aliyeitwa Uhura, jina lililotolewa katika neno letu uhuru. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, naye alikuwa mwimbaji, na aliwahi kuimba na bendi ya Duke Ellington. Alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi hiyo, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa Weusi walihitaji kumwona pale. Hebu fikiri: mtu anataka kuacha kazi, jambo la kawaida kabisa, na kiongozi wa umma anamwambia hana ruhusa ya kuchoka.

Ndipo ukaja mwaka 1968. Februari, tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza machafuko ya mijini, iliyoitwa Tume ya Kerner, ilisema kati ya mengine kwamba vyombo vya habari viliitazama nchi kwa macho ya Mzungu peke yake. Tarehe 4 Aprili, King akauawa. Miji ikawaka moto. Na tarehe 17 Septemba, kampuni ya utangazaji ya NBC, isiyo na uhusiano wowote na benki yetu ya jina hilo, ikaanza kuonyesha mchezo wa kuchekesha juu ya nesi mweusi mzuri wa sura, aliyevaa vizuri, anayeishi katika nyumba ya kupendeza mjini Los Angeles na kupatana na majirani zake Wazungu.

Mtunzi alikuwa Hal Kanter, Mzungu, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amewaandikia Amos 'n' Andy walipokuwa redioni. Alipata wazo la Julia baada ya kumsikia Roy Wilkins, kiongozi wa NAACP, akizungumza juu ya hali ya Weusi. Mwanzoni hakumtaka Carroll, akiona ana umaridadi mno, mtu wa kumbi za starehe na si wa wodini. Carroll alikwenda kumwona, akamshawishi.

Wengi walidhani mchezo hautadumu. Uliwekwa saa moja na Red Skelton, mchekeshaji aliyependwa sana katika kituo kingine. Kumbe mwaka wake wa kwanza ulishika nafasi ya 7 kati ya michezo yote ya televisheni ya Marekani. Carroll akapata tuzo ya Golden Globe. Mwaka 1969 kampuni ya Mattel ikatoa mwanasesere wa Julia aliyevaa sare ya uuguzi. Nimeiona picha yake. Sijui msomaji atanielewa nikisema kwamba picha hiyo ilinigusa kuliko tuzo zote. Mtoto wa kike mweusi kukamata mkononi nesi mweusi, mdogo kama kiganja, mwenye kofia yake kichwani!

Katika sehemu ya kwanza Julia anapiga simu kuomba kazi katika zahanati ya kiwanda kimoja. Anaona heri amwambie daktari mapema kwamba yeye ni Mweusi, asije akafika na kufukuzwa mlangoni. Daktari, mzee mwenye ulimi mkali aliyeigizwa na Lloyd Nolan, anamjibu kwa mzaha, kana kwamba rangi ni nguo ambayo mtu ameanza kuivaa juzi kufuata mtindo. Watazamaji wakacheka. Nami nilicheka. Lakini kicheko hicho ndicho kilichowakera wengine. Robert Lewis Shayon wa jarida la Saturday Review aliandika kwamba mchezo huo ulikuwa mbali mno na maisha halisi ya Weusi katika mitaa yao ya dhiki. Wengine waliuliza: nesi gani mwenye mshahara wa kulipia nyumba ile na nguo zile? Wengine waliuliza: kwa nini hakuna baba? Mume wa Julia, rubani, alikuwa ameuawa katika vita vya Vietnam kabla mchezo haujaanza. Miaka mitatu kabla, ripoti ya serikali iliyoandikwa na Daniel Patrick Moynihan ilikuwa imeielezea familia ya Weusi kuwa imevunjika kwa kukosa baba, na wengi walikuwa bado na machungu nayo. Sasa televisheni inawaletea familia yao ya kwanza ya heshima, nayo pia haina baba!

Gil Scott-Heron, mshairi wa mapinduzi, alimtaja Julia katika shairi lake maarufu juu ya mapinduzi na televisheni, miongoni mwa mambo ambayo siku ya mapinduzi hayatakuwapo. Na Carroll mwenyewe hakuwa kipofu. Mwaka 1968 aliliambia jarida la TV Guide kwamba waliyekuwa wanamwonyesha ni Mweusi aliyefanywa Mzungu, mwenye Uweusi kidogo sana ndani yake. Aliyasema hayo mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na mshahara wake ukitoka huko.

Mimi nilipoitazama nyumba ya Julia niliudhika kama wale wahakiki. Nimeishi kwenye nyumba za wauguzi, vyumba viwili, bomba nje, na najua mshahara wa nesi unavyokwisha tarehe 15. Lakini niliposikia wanauliza kwa nini hakuna baba, hapo nikageuka. Niliona wamesahau kwamba wajane tupo.

Mume wangu alikwenda Vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, hakurudi. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa kijiji chetu kuvaa gauni jeupe la uuguzi. Siku ya kwenda chuoni baba yangu hakunipa hotuba ndefu. Alisema, "Ukiharibu wewe, mwanangu, hakuna baba mwingine hapa atakayempeleka binti yake." Maneno hayo nilitembea nayo miaka yote. Nikienda sokoni walitazama kucha zangu kama ni safi. Nikicheka na mtu njiani, habari zilifika nyumbani kabla yangu. Sikuwa mtu mmoja. Nilikuwa mabinti wote wa kijiji ambao bado hawajaenda shule.

Katika matanga ya mume wangu wanawake walilia, nami nilikuwa nahesabu vikombe. Nilimsikia shangazi mmoja akisema, "Huyu ni nesi, amezoea vifo." Walidhani wananisifu. Nilikwenda kulia wiki tatu baadaye, kazini, katika stoo ya mashuka, nimefunga mlango. Kisha siku moja mwanangu alivaa mabuti ya baba yake, yakamfika mapajani, akajaribu kupiga saluti akaanguka kifudifudi. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka kwa kuwa mama anacheka. Jirani aliyekuwa anapita alisimama, akatutazama, akaenda zake. Jioni ile nikaambiwa inasemekana mjane wa marehemu ameanza kucheka mapema.

Kwa hiyo nilipomwona Julia akicheka na mtoto wake Corey, aliyeigizwa na mvulana mdogo aitwaye Marc Copage, nilijua ni kicheko gani kile. Wahakiki waliona mchezo mwepesi usio na uchungu. Mimi niliona mjane ambaye hana ruhusa ya kuanguka kwa sababu kuna macho mengi. Inawezekana Hal Kanter hakukusudia hilo. Nadhani Diahann Carroll alilijua, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimpata yeye nje ya mchezo.

Sisemi wahakiki walikosea. Mengi waliyosema yalikuwa kweli. Miji ilikuwa inaungua, na televisheni ikaleta zulia zuri. Ninachosema ni kwamba hesabu ile waliipeleka kwa mtu asiyestahili kuilipa. Michezo ya kuchekesha ya Wazungu ilikuwa mingi. Kulikuwa na ya matajiri na ya maskini, ya wachawi, ya wenye akili na ya wapumbavu. Hakuna aliyeuliza kama mchezo mmojawapo unawawakilisha Wazungu wote. Weusi walipewa nusu saa moja kwa wiki na mwanamke mmoja, kisha wakamtaka mwanamke huyo awe tajiri na maskini, mpole na mwenye hasira, awe na mume na awe mjane, achekeshe na alete mapinduzi. Nani angeweza? Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyetoa nusu saa moja tu.

Carroll alibishana na watayarishaji juu ya maneno aliyopewa kusema. Alijibu waandishi wa habari ambao hawakumuuliza kamwe juu ya uigizaji wake bali juu ya hali ya watu wake. Baada ya miaka mitatu aliomba kuachiliwa. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Machi 1971, jumla zikiwa 86. Mchezo haukufa kwa kukosa watazamaji tu. Aliyeubeba alikuwa amechoka.

Lakini alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu zaidi. Mwaka 1974 aliigiza katika filamu ya Claudine. Nafasi hiyo ilikuwa ya rafiki yake, Diana Sands, aliyeshikwa na saratani na kufariki Septemba 1973. Sands mwenyewe ndiye aliyependekeza Carroll aichukue. Claudine ni mama wa watoto sita huko Harlem, anayepokea posho ya serikali huku akifanya kazi ya ndani kwa siri, maana ikijulikana ana kipato posho itakatwa. Anampenda mzoa taka, aliyeigizwa na James Earl Jones, lakini sheria za posho zimewekwa kiasi kwamba mwanamume akiingia nyumbani, mama hupoteza. Ofisa wa ustawi akibisha hodi, familia nzima inakimbia huku na huku kuficha vyombo vya umeme. Ni jambo la kuchekesha sana, na ukimaliza kucheka unaona kwamba umeonyeshwa kwa nini baba hayumo nyumbani. Lile swali waliloliuliza juu ya Julia, Claudine alilijibu.

Na tazama mzunguko wenyewe. Beulah alikuwa mtumishi, na tulimwona jikoni kwa mwajiri wake. Claudine naye ni mtumishi, lakini kamera inamfuata akitoka kazini, inapanda naye ngazi hadi kwake, inawaona watoto wake, kitanda chake, hasira zake na mapenzi yake. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni nyumba ambamo kamera imewekwa. Kwa filamu hiyo Carroll aliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Wapo waliosema kwamba mtu maridadi kama yeye hawezi kuwa mama wa Harlem, wakasahau kwamba Harlem ndiko alikolelewa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, aliingia katika mchezo wa Dynasty, uliojaa matajiri wanaotiliana sumu kwa maneno. Huko aliigiza Dominique Deveraux, mwimbaji tajiri, mwenye kiburi na ulimi wa wembe. Aliitafuta nafasi hiyo mwenyewe, na hakuficha sababu: alitaka kuwa mwanamke mweusi wa kwanza mwenye roho mbaya katika televisheni ya Marekani. Watu walicheka aliposema hivyo, lakini mimi nadhani hakutania. Aliyelazimishwa kuwa mwema kwa niaba ya watu milioni nyingi anajua thamani ya ruhusa ya kuwa mbaya. Usawa si kuonyeshwa mwema kila siku. Ni kuachiwa kuwa kama watu wengine, ambao wengine wao ni wabaya na siku hiyo hiyo ukoo wao hautukanwi.

Kuimba hakukumtoka. Aliimba kwenye kumbi za Las Vegas, aliimba pamoja na Vic Damone, mume wake wa nne, na mwaka 1995, akiwa na miaka 60, alisimama jukwaani Toronto katika mchezo wa muziki wa Sunset Boulevard. Katika miaka hiyo ya 1990 aligunduliwa ana saratani ya matiti. Hakujificha. Alizungumza hadharani, akiwahimiza wanawake wachunguzwe mapema. Mimi niliyeona wanawake wakija wodini wamechelewa kwa sababu ya haya, naihesabu hiyo kuwa kazi ya unesi aliyoifanya bila sare.

Septemba 2013, akiwa na miaka 78, alipanda jukwaani kwenye tuzo za Emmy akiwa ameshikana na Kerry Washington, mwigizaji kijana aliyekuwa akigombea tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika mchezo usio wa kuchekesha. Mbele ya ukumbi mzima Carroll akasema wazi kwamba anataka binti huyo ashinde. Hakushinda. Katika uchekeshaji Isabel Sanford alikuwa amekwisha kushinda tangu 1981, lakini tuzo hii nyingine haikuwahi kwenda kwa mwanamke mweusi hadi mwaka 2015, ilipochukuliwa na Viola Davis. Carroll alikuwa hai kuliona hilo, miaka 47 baada ya Julia.

Sasa tunafikaje? Nimejiuliza sana, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Tuzo si jibu, maana tuzo zilianza mapema na njia ilikuwa bado ndefu. Jibu ninalolipata mimi liko karibu zaidi. Katika kijiji chetu leo wauguzi wa kike wanapindukia kumi. Mmoja wao ni binti wa mdogo wangu, anafanya kazi katika zahanati ya hapo hapo. Hakuna anayetazama kucha zake. Foleni ikiwa ndefu wagonjwa humgombeza, wakamwita mvivu, naye huwajibu kwamba ana mikono miwili tu, kisha wote wanacheka na kazi inaendelea. Mwezi uliopita alifiwa na bibi yake mzaa baba. Alilia matangani kwa sauti, kama wenzake wote, na hakuna aliyesema kwamba nesi amezoea vifo. Nilikuwa nimeketi mkekani karibu naye, na nilimwacha alie mpaka alipotosheka.